Askari wa Hank Aaron alijuaje kwamba wale vijana hawakuja kwa ubaya?

ZamuYaUsiku_Amu

Assalam alaykum wanabaraza.

Mimi ni mlinzi wa usiku katika nyumba ya wageni hapa Amu, mtaa wa Mkomani, mwaka wa tisa sasa. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika sawasawa, mvua zimeanza kupiga na wageni wamerudi makwao. Nyumba ina vyumba saba na vyote vimefungwa. Kuanzia saa sita usiku nabaki mimi na paka wawili wa hapa mlangoni.

Saa hizo mpira wa Ulaya umekwisha zamani, lakini Marekani ndiyo kwanza jua linatua. Mechi ya saa moja jioni New York, huku kwetu ni saa nane usiku. Ndivyo nilivyoingia kwenye besiboli. Mgeni mmoja mzee aliyekuwa hapati usingizi alikaa nami barazani wiki nzima akanifundisha kuhesabu, na alipoondoka sikuacha. Msimu wao huanza mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, kila timu ina mechi 162, na ya kwanza ina uzito ule ule wa ya mwisho. Zile za mwanzo husahauliwa, ila chache.

Iliyonileta hapa ni ya tarehe 8 Aprili 1974, Jumatatu usiku, mjini Atlanta. Hank Aaron ana miaka 40 na homurani 714, sawa na Babe Ruth, ambaye rekodi yake ilikuwa imekaa tangu 1935. Ile ya 714 alikuwa ameipiga siku nne nyuma, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Cincinnati, na ndilo lilikuwa pigo lake la kwanza la mwaka. Msimu wa 1973 ulikuwa umemwacha na 713. Kwa hiyo majira yote ya baridi alikaa anangoja mapigo mawili, na huku barua zinaingia kwa magunia. Nyingi zilikuwa za watu wema. Nyingine zilisema atauawa, kwa sababu ni mtu mweusi anayetaka kumpita Ruth.

Akapewa mlinzi, polisi wa Atlanta aitwaye Calvin Wardlaw. Usiku ule Wardlaw alikaa jukwaani kama mtazamaji mwingine yeyote, na ndani ya mkoba wa darubini aliweka bastola. Watu 53,775 uwanjani, na yeye kazi yake ni mtu mmoja.

Iningi ya nne. Anayerusha ni Al Downing wa Los Angeles Dodgers, naye mweusi, naye amevaa namba 44 kama Aaron. Aaron anapiga. Mpira unapaa upande wa kushoto kuelekea katikati, Bill Buckner anauparamia ukuta na haupati, unaangukia kule wanakojipasha moto warushaji wa akiba, na Tom House anaudaka. Aaron anaanza kuzunguka besi kwa mwendo wake wa siku zote, wala hatupi mikono juu. Anapoipita besi ya pili, vijana wawili wa kizungu wanatokea nyuma yake mbio.

Mimi hapo huisimamisha video. Nimeisimamisha mara nyingi mno. Kama wewe ni Wardlaw, umesoma zile barua, mkono uko kwenye mkoba, na sasa wako wawili wanamkimbilia mtu wako. Una muda wa kuvuta pumzi moja.

Nitawaambia kwa nini hili haliniachi. Miaka mitatu nyuma, Aprili kama hii, saa tisa na robo usiku, nilisikia kishindo juu. Nyumba zetu hapa zimebanana, na yetu inaungana na ya jirani kwa wikio juu ya njia. Mwenye miguu myepesi huvuka bila kushuka chini. Nilipanda ngazi kimya, rungu mkono wa kulia, tochi nimeizima ili nisionekane. Nikafika juu, nikamwona mtu amechutama ukutani, kanipa mgongo. Nikainua rungu. Nasema nililiinua, halikuwa limebaki begani. Radi ikamulika nikaona mikono yake, yote miwili imeshika kanga iliyolowa. Mtoto wa jirani, miaka kumi na sita. Upepo ulikuwa umeing'oa kanga ya mama yake kambani ukaileta kwetu, naye kaamka kuifuata kabla haijapeperuka baharini.

Bila radi ile ningepiga.

Swali langu ni hilo. Wardlaw hakuitoa bastola. Alitazama nini? Na ninyi wenzangu mnaofuata mchezo huu, ni Aprili ipi mnayoikumbuka?

---

KijanaWaMaweni

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Malindi, besiboli siijui lakini nimesoma mpaka mwisho. Homurani ndiyo nini? Na kwa nini baada ya kupiga anakimbia taratibu?

---

ZamuYaUsiku_Amu

Marahaba mdogo wangu. Kumbuka raunda ya shuleni: unapiga mpira, unazunguka vituo vinne, ukirudi ulipoanzia umepata alama moja. Besi ndivyo vituo. Ukiupiga mpira ukavuka ua wa uwanja bila kudakwa, hakuna wa kukutoa tena, kwa hiyo unazunguka vyote kwa raha zako, na wenzako waliokuwa wamesimama kwenye besi wanarudi nao. Hiyo ndiyo homurani. Iningi ni zamu: kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha wanabadilishana, na mechi ina iningi tisa.

---

Maalim_Mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Nimefundisha shule za msingi hapa Malindi na vijijini miaka thelathini na moja, na hiyo raunda nimeisimamia kwa makopo ya rangi na gongo la mwarobaini. Ndiyo iliyonifanya niutafute mchezo wa Wamarekani nilipostaafu.

Kuhusu Wardlaw, nijuavyo mimi, yeye alikuwa jukwaani, na Aaron alikuwa katikati ya uwanja baina ya vijana wawili wanaokimbia. Risasi yoyote kutoka pale ingeweza kumpata Aaron mwenyewe. Mlinzi mwenye akili hulifikiri hilo kwanza. Ila wewe umeuliza alitazama nini, na hilo nakuachia wewe uliyewahi kuinua rungu.

Aprili yangu ni ya tarehe 15, mwaka 1947, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Jackie Robinson, miaka 28, namba 42, anakuwa mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi kuu tangu karne ya kumi na tisa. Kila mtu huijua siku hiyo kwa jina. Nikiwauliza watu alifanya nini siku yenyewe, wengi hawajui, na wengine hudhani alipiga homurani. Hakupata hata pigo moja.

Zamu ya kwanza alipiga mpira wa chini, akatolewa. Ya pili akapiga wa juu, ukadakwa. Ya tatu ikawa mbaya zaidi, kwa pigo moja walitolewa yeye na mwenzake. Jukwaani yuko mkewe Rachel na mtoto wao mchanga ambaye hajatimiza hata miezi sita. Hebu fikirini mwendo wa kurudi benchi mara ya tatu, na macho zaidi ya elfu ishirini na tano yako kwako.

Iningi ya saba Brooklyn wako nyuma 3-2 dhidi ya Boston Braves. Eddie Stanky yuko besi ya kwanza. Sasa Robinson hapigi kwa nguvu. Anaushusha gongo na kuugusa tu mpira, uviringike polepole, ili yeye atolewe na mwenzake asogee besi ya pili. Ni pigo la kujitoa. Wanafunzi wangu hawakulipenda kamwe, kila mmoja alitaka kupiga mpira uende porini. Lakini Robinson alikuwa na mbio. Mchezaji wa Boston aliyeukimbilia mpira ule akaharakisha kurusha, mpira ukamgonga Robinson begani ukatokomea uwanjani, na wote wawili wakasogea, mmoja besi ya tatu na mwingine ya pili. Pete Reiser akapiga, wote wawili wakarudi nyumbani. Robinson ndiye aliyeleta alama ya nne, ile iliyowapitisha mbele. Mechi ikaisha 5-3.

Kwa hiyo siku ile kubwa aliishinda kwa mbio. Alimlazimisha mtu mwingine akosee. Mwaka 1997 namba 42 iliondolewa katika timu zote za ligi kuu, na tangu 2009, kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa. Nikiwaona wote wamevaa 42, mawazo yangu hurudi kwa ule mpira ulioviringika polepole.

---

BiMuyeye

Maalim, shikamoo. Na wewe mlinzi, pole kwa usiku ule. Ulinitia baridi.

Mimi nimeitazama hiyo video ya Atlanta baada ya kusoma hapa, mara nne, mpaka chai ikapoa. Ninyi mnamtazama askari. Mimi nimemtazama mama. Aaron anapofika nyumbani anazungukwa na wenzake, na katikati yao anaingia mama mtu mzima, Estella, mama yake mzazi, anamkumbatia shingoni wala hamwachii. Watu wanavuta, picha zinapigwa, yeye yuko pale pale. Wengine waliona furaha. Mimi nina watoto wanne wa kiume, na ile si furaha peke yake. Mama yule alijua barua zilisema nini. Fataki zinalipuka juu, na yeye anamfunika mwanawe kwa mwili wake.

Na nimetafuta habari za wale vijana wawili. Walikuwa na miaka kumi na saba. Walimpiga piga Aaron mabegani, wakakimbia pembeni, wakakamatwa usiku ule. Miaka mingi baadaye Aaron alikutana nao tena, bila kinyongo. Kwa hiyo kuna mama wengine wawili waliolala bila kujua mtoto wao aliponea wapi usiku ule. Hao nao niliwafikiria.

Nina swali kwako mlinzi. Yule mama mwenye kanga, alijua?

---

Mvuvi_wa_Mayungu

Salaam wote. Leo sikushuka baharini, bahari imechafuka, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika.

Kabla sijarudi kwenye uvuvi nilifanya kazi za meli. Aprili 1988 meli yetu ya mizigo ilikuwa imefunga gati Baltimore, injini imeharibika tunangoja vyuma. Sikujua chochote kuhusu besiboli. Lakini pale bandarini kila redio ilikuwa inasema jambo moja: Orioles, timu ya mji ule, wamefungwa tena.

Walianza tarehe 4 Aprili, nyumbani kwao, wakafungwa 12-0 na Milwaukee. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Baada ya ya sita kocha akafukuzwa, Cal Ripken mzee, na wanawe wawili, Cal na Billy, ni wachezaji wa timu hiyo hiyo. Baba anafukuzwa na siku hiyo hiyo watoto wanavaa jezi waingie uwanjani. Makuli pale gatini walilisema hilo kwa sauti ya chini, kama watu walio matangani.

Akaletwa Frank Robinson. Huyu ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi kuu, Cleveland, Aprili 1975, na siku hiyo ya kwanza alikuwa kocha na mchezaji pamoja, akapiga homurani zamu yake ya kwanza dhidi ya Yankees. Mkidhani alikuja Baltimore mambo yakageuka, hapana. Walifungwa mechi nyingine kumi na tano naye.

Kulikuwa na mtangazaji wa redio, Bob Rivers. Aliapa hatatoka hewani mpaka timu ishinde. Mlinzi, hii ni yako. Alikaa saa 258. Sisi mabaharia wa zamu ya usiku tulimsikiliza kwenye redio ya jikoni melini. Sauti yake ilikuwa inakwisha siku hadi siku. Mpishi wetu, mtu wa Pemba, hakuelewa nusu ya maneno, lakini kila akiamka kuchemsha maji aliuliza, "Bado yupo?" Tunamjibu, "Yupo." Anatikisa kichwa anaendelea na kazi yake.

Mechi 21 walifungwa mfululizo. Mimi nimetoka baharini mikono mitupu siku nne, nikadhani samaki wamehama dunia. Siku ishirini na moja sijui mtu anaifungaje tanga ya siku inayofuata. Tarehe 29 Aprili, Chicago, wakashinda 9-0. Na waliporudi nyumbani walikuta zaidi ya watu 50,000 wanawangoja uwanjani, timu yenye ushindi mmoja. Sisi tulikuwa tumeshang'oa nanga, habari hiyo niliipata baadaye. Msimu waliumaliza na ushindi 54 na kushindwa 107. Lakini kila nikisikia neno Baltimore, nasikia ile sauti iliyokauka saa kumi alfajiri.

---

KijanaWaMaweni

Ami Mvuvi, je, kuna timu iliyoanza kinyume chake? Yaani kushinda tu?

---

ZamuYaUsiku_Amu

Ipo mdogo wangu, na hiyo niliifuata mwenyewe. Ramadhani ya 2023. Tampa Bay Rays walianza msimu tarehe 30 Machi wakashinda mechi 13 mfululizo, sawa na Atlanta ya 1982 na Milwaukee ya 1987. Mechi zao nyingi za usiku zilianza huku kwetu karibu saa nane, zikaisha tunapokula daku. Kila usiku nilikuwa na uji, tende na Rays. Bawabu wa nyumba ya pili, ambaye hajui besi ni nini, alikuwa ananiuliza kupitia ukutani, "Wameshinda?" kabla hajanipa salamu. Walifungwa tarehe 14 Aprili, Toronto, na siku ile daku haikuwa na ladha. Oktoba walitolewa mapema na Texas, lakini mimi ile Ramadhani naihesabu yangu.

Mvuvi, ahsante sana kwa Bob Rivers. Saa 258 ni zaidi ya siku kumi. Nimezihesabu kwa vidole, kisha nikazihesabu tena.

Maalim, nimekuelewa kuhusu risasi. Nilikuwa nawaza macho yake tu, sikuwaza umbali. Nimeirudia video usiku wa jana kwa mwendo wa polepole. Vijana wale, mikono yao iko wazi. Wanampiga mabegani kwa viganja. Aaron mwenyewe anamsogeza mmoja kidogo kwa kiwiko, wala hasimami. Sijui kama kutoka jukwaani viganja vilionekana. Napenda kuamini vilionekana.

BiMuyeye, ndiyo, alijua. Nilimwambia mwenyewe. Kijana alikuwa amenyamaza, hakutaka mambo, na mimi ningeweza kunyamaza pia. Nilipotoka zamu saa kumi na mbili nilibisha hodi, nikakaa kwenye kibaraza cha daka, nikamweleza kwamba nilimwinulia mwanawe rungu. Hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza, "Mlikuwa mbali kiasi gani?" Nikanyoosha mkono kumwonyesha, haukutosha hata kunyooka wote. Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi, nikaanza kuvaa viatu. Akarudi na sahani ya mahamri, akaiweka kati yetu, akasema, "Tochi yako ina betri?" Nikasema ina. Akasema, "Basi iwashe, baba."

Tangu siku ile naiwasha nikiwa chini kabisa ya ngazi, na ninapopanda naita kwa sauti anisikie aliyeko juu. Ulinzi wa namna hiyo huenda ukamkimbiza mwizi, najua, na mwenye nyumba nimemwambia hivyo, akakubali.

Sahani niliirudisha na halwa. Na kamba ya nguo wameihamishia upande wa pili wa paa, usio na upepo.